Bima ya mafuriko Kyela ipangwe kwa kimo cha sakafu, si kwa jina la kata

Mhariri,

Nafanya biashara ya mpunga hapa Kyela mjini. Nilipoomba bima ya ghala, wakala aliniuliza kuta ni za nini, paa ni la nini, na niko kata gani. Basi. Jibu la tatu ndilo lililopanga bei ya mafuriko. Hakuuliza sakafu yangu imeinuka kiasi gani kutoka barabarani, wala maji ya masika yaliwahi kufika wapi ukutani.

Kugawa mji kwa kata ni rahisi ofisini, lakini maji hayajui mpaka wa kata. Ndani ya mtaa mmoja kuna nyumba yenye msingi wa ngazi tatu na jirani yake anayeingia ndani bila kunyanyua mguu. Maji yakiinuka kidogo, wa kwanza anafagia kibaraza, wa pili anatoa magodoro. Ghalani ndiyo kabisa: gunia lililo juu ya chaga linapona, lililo chini linaota. Anayetaka kujua hasara itakuwa kiasi gani anahitaji kujua kina cha maji juu ya sakafu, na kina hicho hakipatikani kwa kusoma anwani.

Mafuriko yetu pia hayaji kwa njia moja. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinashuka kutoka milima ya Rungwe, ambako kilele kinakaribia mita 2,960, hadi Ziwa Nyasa lililo takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mvua ikipiga Tukuyu usiku, mto unaweza kufurika huku kwetu kukiwa kukavu. Siku nyingine mto umetulia, ila mvua ya hapa hapa inajaa mjini kwa sababu mitaro imeziba taka na kalavati ni dogo. Hizo ni hatari mbili, na kila moja inahitaji kipimo chake.

Wapo watakaosema tupime umbali kutoka mtoni, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 tayari inataja mita 60 za kuacha kando ya mto. Sheria hiyo ni njema kwa kulinda kingo, na iheshimiwe. Ila kwa bima haitoshi. Mto wa bondeni ukifurika hubwaga mchanga na tope kando yake, kingo zikainuka kuliko ardhi ya nyuma. Kwa hiyo aliye mbali, kwenye bonde la mpunga, anaweza kuzama kabla ya aliye karibu na mto.

Naomba pia tuelezwe vizuri maana ya "mafuriko ya miaka 100". Si kwamba yakija leo tumepumzika karne nzima. Maana yake kila mwaka uwezekano ni asilimia 1, na kwa nyumba itakayokaa miaka 30 uwezekano wa kuyaona walau mara moja ni kama asilimia 26. Anayekopa benki kwa dhamana ya nyumba anastahili kuijua hesabu hiyo kabla hajasaini.

Marekani, ambako bima ya mafuriko ya serikali ipo tangu 1968, walitoza hasa kwa kanda kwa miongo mingi. Mwaka 2021 walianza kupanga bei kwa kuangalia kila jengo lilivyo, pamoja na kimo chake. Sisi ndio kwanza tunaanza, hatuna sababu ya kupita njia ndefu ile ile. Na mtu akijua kuinua msingi kutampunguzia ada, ataongeza tofali mbili.

Kwa wenzetu wa Mbeya jijini, ramani ya hatari itakayotumika kupanga bei iende mbali zaidi. Aprili 2024, pale Itezi, tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba na shule. Ramani inayotazama mabonde tu isingewaonyesha.

Ombi langu kwa halmashauri, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ni hili: kiangazi hiki wapima ardhi wapite nyumba kwa nyumba, wapime alama za tope kwenye kuta kabla watu hawajapaka rangi upya, na wawaulize wazee maji yalifika wapi. Kisha ramani ibandikwe ofisi za kata, na mwenye nyumba apewe nafasi ya kuipinga kabla kampuni yoyote haijaitumia kumtoza.

Mfanyabiashara wa mpunga,
Kyela, Mbeya