Risala ya Wahitimu wa Uashi na Useremala kwa Mgeni Rasmi, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa, karibuni sana Mtwara.

Ndugu Mgeni Rasmi, mwaka huu tulishiriki kubomoa bweni kuukuu. Kenchi zake zilikuwa za mninga, mbao ya thamani, lakini zilipakwa oili chafu zamani, hakuna aliyezitambua. Nusu yake zilikwisha kuwa kuni kabla mwalimu hajapitisha randa kwenye kipande kimoja, wekundu ukatokea. Tuliumia sana. Siku hiyohiyo tukanunua kaunta buku na kuliita daftari la vifaa.

Humo tunaandika kila kinachoingia kwenye jengo tunalojenga: aina ya mbao, geji ya bati, unene wa nondo, mwaka, na kimefungwa kwa kitu gani. Hilo la mwisho ndilo kubwa, maana ndilo huamua kama kitu kitatoka kizima siku ya kubomoa, kitumike tena. Bati la skrubu hufunguka zima, la msumari huchanika. Tofali lililojengewa chokaa hugongwa kidogo likaachia. Kwenye saruji kali huvunjika tofali, kiungo kikabaki. Nyumba za kale za Mikindani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na fundi anayezikarabati huweza kulikung'uta jiwe lililoanguka akalirudisha ukutani.

Uholanzi, tangu 2017, upo mfumo uitwao Madaster unaoyapa majengo pasipoti ya vifaa vyake. Wenzetu wanatumia kompyuta. Sisi tumeanza na kalamu, na kazi inakwenda.

Si kila kitu kirudi, lakini. Mapaa ya zamani ya asbesto tunayaandika kwa wino mwekundu, yasiguswe na mtu asiye na utaalamu, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. Mabati na nondo tulizookoa zinalala nje, na hewa ya chumvi ya hapa haisubiri mtu. Tunaomba banda lenye paa na sakafu. Pili, utufikishie halmashauri ombi hili: kila darasa jipya likabidhiwe kwa shule pamoja na daftari lake, kama linavyokabidhiwa na funguo zake.

Daftari letu liko mezani kwako. Ukurasa wa kwanza tumeuacha wazi kwa saini yako.

Ni sisi wahitimu,
Uashi na Useremala.