Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Vikao vya kamati vilifanyika kwa mujibu wa katiba, pampu ilifanyiwa matengenezo, mafunzo ya vijana yaliendelea. Hayo mnayajua.

Nije kwenye silinda yetu ya majaribio, ile tunayoipasha moto ndani ya mfereji wa maji ili kupima jinsi mkondo unavyoipoza, maana maneno yamekuwa mengi. Inasemwa uongozi umeitupa silinda ya kipenyo cha mm 20 iliyonunuliwa kwa michango yenu na kuweka ya mm 10. Haikutupwa, ipo stoo. Hesabu ndizo zilizoikataa. Mfereji wetu una upana wa mm 100. Ili kupata namba ya Reynolds (inayolinganisha msukumo wa mkondo na unato wa maji) ya 200 kwa silinda ile kubwa, maji ya nyuzi 20 yanapaswa kwenda mm 10 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo, silinda ikizidi maji kwa nyuzi 10 za joto, namba ya Richardson (inayolinganisha nguvu ya maji ya moto kupanda na nguvu ya mkondo) inafika 4, yaani maji ya moto yanapanda yenyewe na tunachopima si kazi ya mkondo tena. Kuishusha hadi 0.1 kunataka tofauti ya robo ya nyuzi. Kwa vihisi joto tulivyonavyo huo ni utani. Silinda ya mm 10 inaruhusu mm 20 kwa sekunde, athari hiyo inapungua mara nane, na nyuzi 2 zinatosha. Tena ile kubwa iliziba asilimia 20 ya mfereji, ikapandisha kasi ya pembeni kwa robo nzima. Uamuzi huu niliusimamia mwenyewe, na nausimamia hadi leo.

Wengine wanadai mota ya kuzungusha silinda imenunuliwa bila faida kwa kuwa silinda ikizungushwa haipoi haraka zaidi. Ndivyo inavyotakiwa! Kasi ya uso wa silinda ikifika karibu mara 2 ya kasi ya maji (kwetu ni mizunguko 76 kwa dakika), visulisuli vinavyoachwa nyuma kwa zamu hukoma, na tabaka la maji linalozunguka na silinda huifunika kama blanketi. Wastani wa namba ya Nusselt, yaani kipimo cha jinsi maji yanavyoondoa joto kwenye silinda, hushuka. Na kile kilele cha hezi 1.27 (mara 1.27 kwa sekunde, yaani mizunguko 76 ileile kwa dakika) kwenye vipimo, kilichotangazwa kuwa ni visulisuli, ni shafti inayocheza kwenye beringi. Visulisuli vya silinda iliyosimama viko karibu na hezi 0.4. Dayalgeji, kifaa cha kupima shafti inavyoyumba, ipo kabatini, itumike kabla ya kuwasha mota.

Inasikitisha kwamba wanaolalamika zaidi hawakuonekana siku mahesabu haya yalipowekwa ubaoni. Zaidi ya nusu ya wanachama hawajalipa ada, ilhali hita na brashi za kaboni za kupitishia umeme hazikopeshwi.

Mwakani, fedha zikiruhusu, tunatarajia kujaribu silinda mbili zikifuatana, na pengine mafuta badala ya maji. Wenye madeni wamwone mweka hazina kabla ya chakula.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti