Daftari Kwanza, Ngoma Baadaye: Barua ya Wazi kwa Madiwani wa Wilaya za Mwitanzige

Waheshimiwa madiwani wa Hoima, Kikuube, Buliisa, Nwoya na wilaya jirani,

Salamu nyingi. Mniruhusu niwaite wanangu, kwa maana wengi wenu niliwagongea mhuri barua za kuingia sekondari wakati nikiwa chifu wa muluka, yaani vijiji kadhaa vilivyo chini ya ofisi moja. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya mwaloni kwetu, pale samaki wanaposhushwa. Kuanzia Panyimur hadi Butiaba, upande wa Uganda wa Mwitanzige, yaani Ziwa Albert, Mualuri, Mgungu, Mnyoro na Mkongo wakikutana kwenye mzani wa muziri, wale samaki wetu wadogo, hawapatani bei kwa lugha nyingine. Nataka waliowapigia kura nao waisome barua hii, au wasomewe.

Nimekaa kwenye mikutano ya mafuta tangu habari zilipotoka mwaka 2006 kwamba chini ya bonde letu kuna mafuta ya kutosha kuuzwa. Karibu kila mkutano diwani mmoja husimama akasema, "Sisi serikali ya mitaa tunaiunga mkono sekta ya mafuta na gesi." Watu hupiga makofi, ngoma ikalia, soda zikagawanywa, tukarudi nyumbani. Njiani huwa najiuliza: tunaiunga mkono kwa kitu gani? Wilaya haina mtambo wa kuchimba, wala haina hisa kisimani. Hisa zimekwisha kugawanywa: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 56.67, CNOOC ya China 28.33, na Shirika la Taifa la Mafuta la Uganda 15. Siku uamuzi wa kuwekeza ulipotangazwa, tarehe 1 Februari 2022, hakuna diwani aliyeulizwa atie sahihi.

Lakini mnacho kitu ambacho wakubwa wote hao hawana na hawawezi kukitengeneza. Mnalo daftari. Ninyi ndio mnaojua nani anakaa wapi, shamba la nani linaishia kwenye mti gani, mwembe mmoja unalipwa shilingi ngapi, na mpaka wa kijiji na kijiji uko wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii mali yetu ni kubwa kuliko zote tulizowahi kukalia.

Niwasimulie jambo moja. Sitataja kijiji, wala waliokuja.

Asubuhi moja walikuja wathamini, vijana waliovaa vizibao vya kung'aa, wakiwa na kamera, utepe wa kupimia na kopo la rangi nyekundu. Mimi niliwapeleka kwa mjane mmoja mwenye shamba la muhogo, migomba kidogo nyuma ya jiko na miembe mitatu. Kijana mmoja alikuwa akizunguka na kutamka, "Mkubwa. Mkubwa. Wa kati," na mwenzake akiandika. Kila mti waliouhesabu waliupaka mstari wa rangi. Yule mama akawafuata nyuma kimya hadi kwenye mwembe wa mwisho, ule aliokuwa akiketi chini yake kumenya muhogo. Akauliza, "Huu ni shilingi ngapi?" Kijana akamjibu kwa adabu, "Mama, bei inatoka wilayani." Mama akanigeukia mimi, maana pale mimi ndiye niliyekuwa serikali.

Nami nilijua. Nilijua kwamba orodha ya bei iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya zamani, kwa kuwa bodi ya ardhi haikuwa imekaa, na haikukaa kwa sababu hakuna aliyetenga fedha za kikao. Nikanyamaza. Mama akabonyeza kidole gumba kwenye wino wa bluu, akakiweka kwenye fomu, kisha akakifuta kwenye ukingo wa kitenge chake. Aliambiwa asipande tena mazao ya kudumu. Fedha zilichelewa zaidi ya miaka miwili. Zilipofika, bei ya ardhi pale jirani ilikuwa imepanda, na hakuweza kununua hata nusu ya alichokuwa nacho.

Kimya changu cha siku ile nimekibeba hadi leo, na ndicho kinachoniandikisha barua hii.

Sheria haikutuacha gizani. Katiba ya 1995, ibara ya 26, inasema mtu hanyang'anywi mali yake kabla hajalipwa fidia ya haraka, ya haki na ya kutosha. Sheria ya Ardhi ya 1998 inaipa Bodi ya Ardhi ya Wilaya kazi ya kutengeneza orodha ya viwango vya fidia kwa mazao na nyumba zisizo za kudumu, na kuipitia kila mwaka. Kila mwaka, wanangu. Juu ya hapo kuna nyongeza ya usumbufu ya asilimia 15, na ikiwa notisi ya kuhama ni ya chini ya miezi sita, asilimia 30. Kwa hiyo jibu la yule mama halikuwa Paris wala Beijing. Lilikuwa kwenye kabati la ofisi yetu, ndani ya faili lililokosa ukurasa mpya.

Tena msidhani orodha iliyochakaa inamwumiza mwananchi peke yake. Inaumiza hata huo mradi mnaosema mnauunga mkono. Watu wanakataa kutia sahihi, wanakwenda mahakamani, na matingatinga yanalala. Bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 296 ziko Uganda, zikipita wilaya 10 kuanzia Hoima hadi Kyotera. Kila wilaya ina orodha yake. Mwembe ulio upande huu wa kijito unaweza kuwa na bei yake, na mwembe ulio ng'ambo ukawa na nyingine, ingawa ndege waliodondosha mbegu ni wale wale. Ni nani alizikataza bodi za wilaya jirani kukaa pamoja siku mbili kwa mwaka na kulinganisha viwango kabla ya kuvipeleka kwa Mthamini Mkuu wa Serikali? Nauli ya kikao hicho haifikii gharama ya kesi moja.

Kuna na jambo la fedha mkononi. Kabaale, ambako kiwanda cha kusafishia mafuta kilitengewa kilomita za mraba 29.57, vijiji 13 vilihamishwa, watu zaidi ya elfu saba. Wengi walichagua kupokea fedha; wachache wakachagua nyumba, wakajengewa Kyakaboga. Simlaumu aliyechukua fedha. Ila kila fidia inapolipwa, afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, ngazi iliyo juu ya muluka, awepo, mume na mke wawepo wote wawili, na jina la mke lisomeke kwenye karatasi. Sheria inataka mke au mume akubali kwanza kabla ardhi ya familia haijatoka mikononi mwao. Nimeona nyumba ikivunjika kwa sababu mwanamke alisikia habari za malipo kutoka kwa muuza pombe.

Sasa mrabaha, ile sehemu ya thamani ya mafuta ambayo kampuni huilipa serikali kwa kuyachimba, ambao najua ndio mnaouota.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015 imeeleza mgawo. Katika kila shilingi 100 za mrabaha, 94 zinabaki serikali kuu, na 6 zinakuja kwa serikali za mitaa zilizo ndani ya maeneo ya utafutaji na uzalishaji. Hizo 6 zinakatwa mafungu mawili: nusu inafuata kiasi kinachozalishwa, nusu nyingine inafuata idadi ya watu, ukubwa wa eneo na hali ya ardhi yenyewe. Taasisi ya kimila inayotambuliwa kisheria ina asilimia 1, inayotoka fungu la serikali kuu. Wapo wanaosema 6 ni ndogo. Hata mimi naona ni ndogo. Lakini ugomvi huo ni wa bungeni. Ugomvi ninaouogopa zaidi ni wa hapa nyumbani.

Tazameni ramani. Visima vya Kingfisher viko Kikuube, iliyomegwa kutoka Hoima mwaka 2018. Visima vya Tilenga viko Buliisa na Nwoya, vingine ndani ya hifadhi ya Murchison. Kiwanda na uwanja wa ndege viko Kabaale, Hoima. Mgawo unaofuata uzalishaji unauliza swali moja tu: mafuta yametoka kwenye ardhi ya nani? Mpaka ambao jana ulikuwa njia ya ng'ombe, kesho utakuwa mstari wa mabilioni. Nawaomba mkautembelee sasa, mabaraza mawili kwa pamoja, wazee wakiwepo, mawe ya mpaka yakiwekwa mchana watu wakiona. Mkingoja fedha ziingie, hakuna mzee atakayeaminiwa.

Na zikiingia, kumbukeni kwamba kisima huzeeka. Uzalishaji wa juu wa Tilenga na Kingfisher kwa pamoja umekadiriwa kuwa mapipa 230,000 kwa siku. Baada ya kilele hicho hushuka, na mrabaha hushuka nao. Wilaya iliyozoea kulipia marupurupu na magari kwa mrabaha itajikuta na magari mabovu na deni. Mimi ningeuweka kwenye maji ya bomba, madarasa, na upimaji wa ardhi za watu. Ndiyo, upimaji. Hati ya umiliki wa kimila huanzia kwenye kamati ya ardhi ya eneo, na kamati nyingi haziendi shambani kwa kukosa hata fedha ya boda boda. Shamba lenye hati si rahisi kuandikwa kwa jina la tajiri wa Kampala aliyenusa habari za barabara mpya.

Nikigusa suala la ajira, nitasema kifupi kwa sababu linanitia uchungu. Mhuri wa LC1, yaani wa mwenyekiti wa kijiji, umekuwa bidhaa. Kijana wa Buliisa anatakiwa athibitishe kuwa ni mkazi ndipo afikiriwe kazi ya kibarua, na mgeni aliyefika Jumatatu anapata barua hiyo hiyo kwa sababu ana noti mfukoni. Aliyeuza mhuri ule amemwuzia mgeni kazi ya mtoto wa jirani yake. Wenyeviti wapeni lejista ya wakazi, gombolola ibaki na nakala, na barua isiyokuwa na namba ya lejista isipokelewe.

Kwenye chakula ninayo matumaini zaidi, na hapa serikali ya mitaa inaweza kufanya kazi inayoonekana kabla mwaka haujaisha. Kanuni za mafuta za mwaka 2016 zilitenga aina 16 za bidhaa na huduma kwa ajili ya kampuni za Waganda, chakula kikiwemo. Hata hivyo nimekaa kando ya lami ya kwenda Wanseko nikahesabu magari yakipita na nyanya na kabeji kutoka mbali, huku nyanya zetu zikiozea kwenye beseni. Wapishi wa kambi za wafanyakazi wa mafuta hawatuchukii. Jiko la kambi linataka mzigo uleule kila wiki, umepimwa, una risiti, umetoka kwa aliyeandikishwa kwenye orodha ya wauzaji inayotunzwa na Mamlaka ya Petroli. Mama mmoja na beseni lake hawezi kulifikia dirisha hilo. Wanawake thelathini wenye ushirika wanalifikia. Fedha za kuanzia zipo: mpango wa maendeleo wa muluka uliwekewa shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka. Afisa kilimo na afisa biashara wako kwenye mshahara wenu. Waulizeni katika kikao kijacho wameandikisha vikundi vingapi. Jibu likiwa sifuri, wapeni mwezi mmoja.

Gesi nayo watu wanaisahau. Inatoka pamoja na mafuta, na mipango ni itumike kuendesha mitambo, na nyingine ijazwe mitungi ya kupikia. Mama zetu wanakata kuni hadi kwenye ukingo wa msitu wa Bugoma. Mkipanga miji yenu, tengeni kiwanja cha maghala ya mitungi mbali na shule na soko, kabla viwanja havijauzwa vyote. Na afisa mazingira wa wilaya mpeni pikipiki yenye mafuta ndani. Mtu anayetakiwa kukagua tope la visima hawezi kukaa mjini akingoja gari la kampuni anayoikagua limpitie.

Mtasema, mzee, mbona hizi ni kazi ndogo ndogo? Ni kweli hazina utepe wa kukata wala kamera. Lakini mwekezaji anayekuta orodha mpya, mpaka uliopimwa na lejista safi anamaliza kazi yake bila kumdhulumu mtu, na huo ndio msaada wa pekee ambao hawezi kuununua kwingine.

Naomba jambo moja lianze mara moja. Orodha ya viwango vya fidia ya wilaya yenu ichukueni, muipeleke sokoni Wanseko siku ya soko, na Butiaba, na Kaiso. Mtu asimame juu ya kreti aisome kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa Lugungu, kwa Kialuri, zao kwa zao, na mwaka iliotengenezwa. Ikiwa ni ya zamani, isomwe hivyo hivyo ya zamani, watu wasikie. Nitumieni tarehe tu. Nitakuja na kiti changu. Yule mama bado yu hai. Nitamlipia boda boda aje akae karibu nami, asikie mwembe mkubwa ni shilingi ngapi.

Ni mimi mzee wenu,
chifu wa muluka mstaafu, kando ya Mwitanzige