Asante, fundi wa Lukaya

Hilux yangu ya zamani ilikuwa inakunywa dizeli vibaya na kutoa moshi mweusi kila mlima. Pale Lukaya, Uganda, njia ya Masaka, kijana mmoja wa gereji aliuona moshi akaja mwenyewe. Alichomoa filta ya hewa, akaigonga chini: vumbi jekundu tupu! Kisha akapapasa rimu moja moja. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto, breki imeng'ang'ania. Akailegeza, akajaza upepo matairi yote, akanielekeza dukani nikanunue filta mwenyewe. Hakutaka zaidi ya soda, wala jina hakunitajia. Sasa moshi umepungua na dizeli inafika mbali. Ndugu yangu, Mungu akuzidishie. Nanyi wenye pikapu kuukuu, kabla ya kulaumu injini, papaseni rimu.