Tiba mtandao isitegemee video pekee

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu changamoto za tiba mtandao, yaani mgonjwa kuhudumiwa na daktari akiwa mbali, kwa simu au video. Lawama nyingi zilielekezwa kwa intaneti dhaifu, lakini kosa kubwa zaidi ni kumlazimisha kila mgonjwa atumie video. Video hula bando nyingi kuliko sauti, na ikikatika, mzee aliyekuwa akieleza maumivu ya kifua hubaki akitazama kioo kisichosema neno. Inaumiza. Kufuatilia shinikizo la damu au kujadili majibu ya maabara hakuhitaji sura; simu ya kawaida inatosha. Vipele, naam, vinahitaji picha.

Naomba hospitali ziweke utaratibu: kabla ya mazungumzo kuanza, mhudumu athibitishe namba ya simu ya akiba mawasiliano yakikatika, mahali mgonjwa alipo endapo dharura itatokea, na kama yuko faraghani. Asiyeweza kusaidiwa kwa simu apewe miadi ya kuonana na daktari ana kwa ana, tena upesi.

Msomaji wenu