Seli zilizotandazwa si uvimbe

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu, mama anayetibiwa saratani ya matiti kwa kemo (dawa za kuua seli za saratani), alinijia na makala yenu ya majani ya mstafeli ameikunja mkobani. Mliandika kuwa maji ya majani hayo yaliua seli za saratani maabara. Akaniuliza: sasa kemo ya nini?

Sipingi kwamba seli zilikufa. Ninalolalamikia ni kwamba hamkusema zilikaaje.

Mimi huotesha seli hizo kazini. Kwenye chupa ya plastiki hujitandaza tabaka moja, kila seli imelowa dawa. Hapo vitu vingi mno huua, hata sabuni. Lakini tandika agari, utomvu mzito wa mwani, chini zisipate pa kushika, na baada ya siku chache zitakuwa zimeng'ang'aniana, donge dogo kama chembe ya sukari. Mwagia doksorubisini, ile dawa nyekundu ambayo mama huyu anaifahamu vizuri. Dawa hiyo hung'aa chini ya hadubini ya mwanga maalumu, kwa hiyo unaona ilikofika: ukingoni kumewaka, katikati giza. Kule ndani oksijeni ni haba, seli zimeacha kugawanyika, na dawa nyingi za kemo huvizia seli inayogawanyika. Kiasi cha dawa kilichomaliza tabaka huacha donge likiwa hai.

Uvimbe wa mtu ni donge, tena kubwa kuliko langu.

Mimea yetu siidharau. Mwaka 2019 watafiti wa Basel, Uswisi, walichuja dawa zaidi ya 2,000 wakitafuta inayoweza kufumua madonge madogo ya seli za saratani yanayosafiri kwenye damu. Digitoksini, dawa ya moyo, ilifanikiwa, na ouabaini pia, sumu iliyomo katika miti ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waliichemsha kupaka mishale. Katika panya, kusambaa kwa saratani kulipungua. Tafadhali asichemshe mtu mti huo: kiasi kidogo kikizidi, moyo husimama.

Mwandishi wenu akihojiana tena na mtafiti, amuulize swali moja: tabaka au donge? Jibu alichapishe aya ya kwanza, anayoisoma mgonjwa.

Mama yule nilimwonyesha picha ya donge kwenye simu. Aliitazama kitambo, akaniambia Jumatatu atakwenda kwenye kemo yake.

Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam