Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kuwa Wakili wa Hataza

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonikaa moyoni ni azma yako ya kuiacha shahada ya kemia katika mwaka wa tatu ili uanze sheria upya. Nakusihi usiiache. Miaka yote niliyoshughulikia mashauri ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake (patent), nimekuwa nikiwategemea wahandisi na wafamasia wanifafanulie mambo ambayo wewe ungeyatambua kwa kuyasoma tu.

Katika shauri langu la kwanza nilimwakilisha fundi aliyelalamika kwamba chujio lake la maji limeigwa. Niliitazama michoro, nikaona vyombo viwili vinafanana kama shilingi kwa ya pili, nikaingia barazani nikijiamini. Upande wa pili haukujishughulisha na michoro. Ulisoma dai la kwanza la hataza yetu, yaani sentensi inayoeleza hasa kinacholindwa, lililotaja chujio "lililoshikizwa kwenye kifuniko", ilhali lao lilikaa chini ya ndoo. Hataza hulinda kile kilichoandikwa katika madai yake. Tulishindwa, na mteja wangu akalipa gharama za shauri kwa sababu mimi sikuyasoma maneno matatu kwa makini. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Hataza humpa mvumbuzi haki ya pekee kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi, mradi uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo ambalo mjuzi wa fani hiyo angelifikia kwa wepesi, na uweze kutumika viwandani. Anayeshtakiwa hujitetea ama kwa kuonyesha kwamba alichotengeneza hakiingii katika madai ya hataza, ama kwamba hataza yenyewe haikustahili kutolewa. Na utetezi huu wa pili humhitaji mtu awezaye kupekua maandiko ya zamani ya kisayansi na kuyaelewa.

Wala usidhani kwamba hapa hugombaniwa faida za matajiri pekee. Mwaka 2009 Wakenya watatu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI walikwenda Mahakama Kuu kuipinga Sheria ya mwaka 2008 ya Kupambana na Bidhaa Bandia, kwa kuwa maana ya "bidhaa bandia" iliandikwa kwa upana kiasi cha kuweza kuzikumba dawa za jeneriki, yaani nakala za dawa asilia zenye kiambato kilekile, ambazo ni halali na ndizo walizozimudu. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vya sheria hiyo, kwa kadiri vilivyogusa upatikanaji wa dawa hizo, vilihatarisha haki zao za uhai, utu na afya. Uhai wa watu ulikuwa umening'inia kwenye tafsiri ya neno moja.

Maliza kemia kwanza, ndipo uingie sheria, kisha Kenya School of Law, chuo kinachowaandaa mawakili. Karo tutaitafuta, baba yako nami.

Ukija likizo utaikuta hukumu hiyo mezani, pamoja na hataza moja ya dawa. Anza na madai, kisha uniambie ni neno lipi ungelihoji kwanza.

Mama yako